Mimba ya Mgongoni

Mama yangu alipokuwa anakufa, mtaa mzima ulikuwa unamngoja ajifungue. Mimi mwenyewe, binti yake, mshonaji, nilimshonea huyo mtoto fulana sita na kofia mbili, nikazitia lasi pembeni kwa mkono. Nalisema hili mwanzo kwa sababu yote niliyoyafanya mwaka juzi, na maneno yote makali niliyowatupia watu, yalianzia hapo.

Kwetu Pangani, na si Pangani peke yake, mimba inaweza kukimbilia mgongoni. Mwanamke anakosa siku zake miezi miwili mitatu, kisha damu inarudi, tumbo halionekani, na wakubwa wanasema mimba imeingia mgongoni, itarudi ikitaka. Inaweza kukaa huko mwaka, inaweza kukaa mitano. Mama alikosa siku zake hivyo akiwa na miaka arobaini na mbili, muda mfupi baada ya kuolewa mara ya pili, maana baba yangu alishafariki. Kwa hiyo alipofika arobaini na saba na tumbo likaanza kujaa, hakuna aliyeuliza mara mbili. Imerudi, walisema. Kungwi wetu, bibi aliyekanda matumbo ya wajawazito wa mtaa ule tangu mimi sijazaliwa, alikuwa akija kila Ijumaa kumkanda mama kwa mafuta ya nazi, na hakuwakanusha. Baba wa kambo, ambaye alikuwa ameanza kutajwatajwa kuwa na mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto, akawa anarudi nyumbani kila jioni na samaki mkononi.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Tanga mjini, Nguvumali, nashona sare za shule. Nilipokwenda kumwona mama, mwezi wa tano wa hiyo mimba, nilimkuta uso umesawajika, mikono imebaki mifupa, tumbo limemtangulia. Hali chakula, vijiko viwili anasema ameshiba. Nikambeba kwa ubishi mpaka hospitali kubwa ya mjini. Daktari alimtoboa tumboni akatoa maji, karibu nusu ndoo. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai, na ilikuwa imeshatambaa. Tulimzika kabla miezi miwili haijatimia.

Kungwi nilimchukia, sifichi. Yeye ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na ndiye aliyemfunda mama kabla yangu, na kwa adabu za kwetu mtu huyo unamwinamia mpaka siku unayokufa. Nilimwinamia. Nilimwita Somo kama mwari anavyopaswa, nilimpa shikamoo yake, kila Idi nilimpelekea kanga na sukari. Lakini kwa miaka kumi na moja sikumtazama usoni. Mikono iliyokanda tumbo la mama miezi mitano isijue tofauti ya mtoto na uvimbe! Nilimwona mjinga, na mimi na wajinga hatupikiki chungu kimoja.

Mwaka juzi nikawa na mimba ya tatu. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na wanangu wawili wote walitoka kwa upasuaji. Kliniki nilimkuta daktari wa kike, mdogo kwangu, kajifunga mtandio wa kijivu, anazungumza taratibu hadi unataka kumsukuma.

"Dada, huyu naye itakuwa upasuaji," alisema. "Kovu lako limechoka. Wa nne sikushauri kabisa. Umefikiria kufunga kizazi siku hiyo hiyo?"

Nikamwambia nimefikiria. Akaendelea na maswali yake ya kawaida, sukari, presha, na katika ukoo nani kaugua nini. Nilipomtajia ugonjwa wa mama aliweka kalamu chini. Akaniuliza mama alikuwa na umri gani, akaniuliza kuhusu dada zake, kuhusu bibi. Kisha akachukua karatasi akachora kizazi, mirija miwili huku na huku, na mwisho wa kila mrija vitu kama vidole vinavyolielekea yai.

"Saratani nyingi za aina ile iliyomuua mama, sasa tunaona zinaanzia huku," alisema, akigonga vile vidole. "Zinaanza mwishoni mwa mrija, ndipo zinahamia kwenye ovari. Zamani ukitaka kufunga tulikuwa tunakata kipande kidogo, tunafunga, basi. Siku hizi, kwa mtu aliyeamua hazai tena, tunaweza kuitoa mirija yote miwili, maana tumbo tayari liko wazi. Ovari tunakuachia ziendelee na kazi zao. Siku zako utaziona kama kawaida."

"Nikiitoa nimepona?"

"Hapana. Utakuwa umepunguza hatari. Sikuahidi kwamba umeimaliza, na ukisikia tumbo linajaa au unashiba upesi, unakuja hata kama umetoa. Kuna na kipimo cha damu cha kuangalia kama ugonjwa unatembea katika ukoo. Hapa hatuna, ila nitakuandikia. Kikionyesha kitu, huko mbele tutazungumza habari ya ovari zenyewe." Alinitazama. "Na mirija hairudishwi. Usinijibu leo. Nenda kazungumze na mwenzio, ingawa sahihi ni yako mwenyewe."

Mimi sikuwa na la kufikiri. Ningeweza ningepanda kitandani palepale. Nilitoka nje nimeishika ile karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama nilihisi kwamba kile kitu kilichomla kina mlango, na mlango wenyewe unaweza kuzibwa. Lakini nilipofika nyumbani nikamwona mume wangu, nikaichomeka ile karatasi chini ya cherehani.

Mume wangu ni fundi wa friji, ana karakana yake ndogo Usagara. Ni mtu mpole. Tukigombana, anayegomba ni mimi. Kwao Muheza walizaliwa tisa, na yeye alichelewa kuoa, alifika arobaini akiwa bado anapikiwa na mama yake. Kwa hiyo watoto kwake ni furaha ya kuhesabu. "Watano," alikuwa akisema mezani, ananyoosha vidole vyake vyenye grisi, "halafu tupumzike." Kaka zake wakubwa wote wana wake wawili wawili. Hakuwahi kunitishia kwa hilo, hata kwa utani. Lakini mimi nilikuwa nimemwona baba wa kambo jinsi miguu yake ilivyojua njia ya nyumbani pale tu tumbo la mama lilipoonekana. Baada ya maziko hakumaliza hata mwaka; akavuka mto akaoa.

Basi nikapanga. Nitatoa mirija, nitasaini mwenyewe, naye atajua nimepasuliwa tu kama mara zote. Miaka itapita, mtoto haji, tutasema Mungu hajapenda. Nilijiona mjanja sana.

Palibaki tatizo moja. Baada ya kujifungua kungwi huja kumkalia mwari wake arobaini nzima, anamkanda, anamwosha, anamfunga tumbo, na kungwi hafichwi kitu. Angekuja, angekaa na mimi, wauguzi na jamaa wangeingia na kutoka, neno lingemfikia. Isitoshe, nilimhitaji mtu wa kunikalia hospitali asiyekuwa na mdomo. Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu, kwa sababu mtu niliyemdharau kuliko wote ndiye pekee niliyemwamini. Jambo ambalo mwari anamwambia kungwi wake haliendi popote. Wanawake wa Pangani wamemwambia bibi yule mambo ambayo yangevunja nusu ya ndoa za mji, na ndoa zipo.

Nikaenda Pangani mimba ikiwa ya miezi saba. Nilimkuta kwenye baraza ya uani anachambua mchele kwenye ungo, macho karibu na punje, maana yalikuwa yameanza kumtupa.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Huyo kakaa vibaya, anakuumiza kiuno."

Ni kweli alikuwa ananiumiza kiuno. Nikakaa, nikamweleza yote, mirija, vidole, saratani inakoanzia. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Sikutegemea aelewe, lakini maswali aliyouliza yalikuwa ya mtu anayeelewa: kama hedhi itakatika, kama maziwa yatapungua, kama kidonda kitakuwa kikubwa zaidi. Nikamjibu kama daktari alivyonijibu. Mwisho akauliza, "Mumeo kasemaje?"

"Hajui. Na hatajua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mikono yake ikasimama juu ya mchele.

"Hiyo sibebi," alisema.

"Hubebi nini, Somo?"

"Hiyo siri. N'shabeba moja ya nyumba yenu, imen'tosha."

Hapo nikalipuka. Miaka kumi na moja ilitoka kwa pumzi moja. Nilimwambia yeye ndiye wa mwisho mwenye haki ya kunikatalia kitu, yeye aliyemkanda mama Ijumaa baada ya Ijumaa akauita uvimbe mtoto, yeye aliyemuua mama kwa mafuta ya nazi. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, jirani akachungulia. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumpandishia kungwi sauti, na nilipomaliza nilingoja laana.

Aliuweka ungo kando. "Nani kakwambia mimi n'liuita mtoto?"

Kweli sikuwahi kumsikia akisema. Nilisikia watu, na yeye nilimwona amenyamaza.

"Mtoto ana kichwa, ana mgongo," alisema. "Ukimsukuma anakusukuma. Siku ya kwanza tu n'lipoweka mkono n'lijua. N'kamwambia mama'ako, mwanangu, hii si mimba, twende hospitali. Akan'shika mkono. Akan'jibu, najua."

"Alijua?"

"Alikuwa anavuja damu chafu, anaificha. Alikuwa anasikia maumivu mpaka anauma kanga. Akaniambia, Somo, mume wangu kaanza kurudi nyumbani. Nikipita watu wananiinukia. Niache mpaka Ramadhani ipite, halafu nitakwenda. Ramadhani ikapita, akaomba mpaka mfungo tatu, Idi Kubwa ipite. Kila Ijumaa n'kija namwambia, na yeye ananiomba. Na ya mwari hayasemwi. Ndivyo n'livyofundwa, ndivyo n'livyofunda wenzako." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe n'likuona unan'chukia. N'kasema mwache, ana haki. Leo nimeisema, Mungu anisamehe na mama'ako anisamehe, kwa sababu umekuja kunitaka n'fanye vilevile tena."

Nilimkasirikia mama. Nalikiri hilo ingawa naona haya. Kabla sijamhurumia, nilimkasirikia kwamba alikuwa na miezi mitano mkononi akainunulia samaki wa jioni. Halafu huruma ikaja, ikaja nyingi, na nikaona kwamba mimi, niliyejiona mjanja, nilikuwa nimefunga safari mpaka Pangani kuja kuomba kitu kilekile alichokiomba yeye, kwa mtu yuleyule, kwa kumwogopa mwanamume aliyekuwa hajanikosea kitu. Nilishuka barazani nikampigia magoti Somo, tumbo na yote, nikamtaka radhi. Akaniambia niinuke nisije nikamzalia uani.

Nilimwambia mume wangu Jumapili alasiri. Alikuwa amelitoa friji letu nje, anabadilisha mpira wa mlango. Nilimweleza kila kitu, hata ule mpango wa kumficha, maana nikasema nikianza kuchagua nitarudi kulekule. Alisikiliza huku anausukuma ule mpira kwenye mfereji wake kwa kidole gumba, taratibu, pembe hadi pembe.

"Kwa hiyo kungwi kajua kabla yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Na kama angekubali, nisingejua kabisa."

"Usingejua."

Akafunga mlango wa friji, akaufungua, akaufunga tena, akanawa mikono, akatoka. Siku nne tulisalimiana tu. Mimi ambaye kwa kawaida siwezi kukaa na neno dakika mbili, nilikaa nalo siku nne, na sitaki kuzirudia siku zile hata kwa kuzisimulia. Cherehani ilinishinda. Nilishona mkono wa shati la shule kichwa chini, nikaufumua, nikaushona kichwa chini tena.

Ijumaa akarudi kutoka msikitini akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimemwendea imamu," alisema. "Nikamweleza daktari alivyosema, kovu, na habari ya mama. Akaniuliza, daktari kasema ni hatari? Nikasema kasema. Akaniambia, basi nenda nyumbani, umekuja kuniuliza unalolijua."

Akavua kofia, akaishika.

"Nilitaka watano," alisema. "Wawili waliobaki nilishawapa mpaka majina." Akayataja. Siyaandiki hapa, ni yake. Kisha akalia, mtu mzima yule, akafuta uso kwa kofia yake, na mimi nikamshika kichwa. Nilikuwa na hakika ya ninachokitaka, na bado niliona ninachomchukulia. Yote mawili yalikuwa kweli. Alipotulia alisema tutakwenda wote.

Tukaenda wote. Daktari alirudia maelezo yake yote kwa ajili yake, na karatasi nyingine akachora. Mume wangu aliuliza maswali ya fundi: mrija una upana gani, unafungwa na nini, damu inapita wapi. Fomu nilisaini mimi.

Siku ya upasuaji walinichoma sindano ya mgongoni, nikawa nasikia mikono tumboni bila maumivu. Mtoto akatoka, wa kike, akalia kabla hawajamfuta. Baadaye kidogo daktari aliinama juu ya pazia walilonitundikia kifuani akaniambia, "Dada, yote miwili imetoka." Nikasema alhamdulillah. Nilikuwa nimeapa sitalia, na sikulia. Waliipeleka maabara, na majibu yalipokuja wiki kadhaa baadaye hapakuonekana kitu kibaya. Nayasema hapa nisimwache mtu roho juu.

Siku ya pili baada ya upasuaji, adhuhuri imeshapita, mama mkwe alipiga simu kutoka Muheza. Wodi ilikuwa na kelele za wageni, mume wangu akaiweka simu kwa sauti kubwa ili wote tusikie. Mama mkwe ni mwanamke wa kazi, amezaa tisa na kuwasomesha kwa machungwa, na anaongea kama yuko ng'ambo ya shamba.

"Wa kike? Alhamdulillah! Mwambie asinung'unike, wa nne atakuwa dume!"

Mume wangu akanitazama. Kwenye vitanda vya jirani kila mmoja akajifanya anamshughulikia mwanawe.

"Mama, hakuna wa nne," alisema. "Ni mimi niliyekataa. Maisha yamekuwa magumu, nimemwambia mke wangu tosha."

Alidanganya palepale, bila kuandaa, kwa ajili yangu. Mtu aliyetaka watano aliubeba ubahili huo mbele ya mama yake ili nisiguswe mimi. Nilimpenda kwa hilo kuliko siku ya harusi yetu, na ningeweza kuuacha uongo ule ukakaa. Ulikuwa uongo mzuri. Ungedumu.

Nikanyoosha mkono, mshono ukanivuta, nikamwomba simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Pole na uzazi."

"Nimeshapoa. Mama, mwanao ananikinga. Si yeye. Ni mimi niliyetoa mirija, sizai tena. Mama yangu hakufa na mimba ya mgongoni kama mlivyosikia, mama. Ilikuwa saratani. Na alijua. Alijua tangu mwanzo, akatuficha sote, kwa sababu alipoonekana ana mimba ndipo mumewe alipomjali."

Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote isipokuwa mume wangu, na nililisema mbele ya wodi nzima. Nikadhani simu imekatika, nikaitazama, sekunde zinakwenda.

"Miezi mingapi?" aliuliza mama mkwe, na sauti yake ilikuwa imeshuka, sijawahi kuisikia hivyo.

"Mitano."

"Miezi mitano anapewa hongera," alisema. "Anaumwa, na watu wanamchekea, na yeye anawachekea. Maskini mama'ako. Hakupata hata mtu wa kumwambia pole."

Miaka yote ile nilikuwa nimehesabu makosa ya kila mtu, ya kungwi, ya baba wa kambo, ya mama mwenyewe, na hilo halikunijia hata mara moja. Nikaifunika simu kwa kanga asinisikie. Mama mkwe akaniambia nilie tu, yeye hakati simu, nikalia mpaka muuguzi akaja kuushika mshono wangu kwa mkono wake.